Hatua Kumi na Nane Hadi kwa Mkuu wa Kitivo

Juma lililopita nilirudisha funguo tatu, mhuri mmoja na kiti ambacho hakikuwa changu. Walimu vijana wa idara walikuwa wameniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi ya mkuu wa idara na mkuu wa kitivo, na namna hawa wawili wanavyoweza kuishi jirani bila kuumizana. Walisema mwongozo wa chuo ni mrefu mno na hakuna kati yao aliyeufikisha mwisho. Nilikuwa kwenye kamati iliyouandika. Mimi pia sikuufikisha mwisho.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, umri ambao kwetu Kitanga mtu bado anaweza kutumwa kuni kama wakubwa zake wapo. Kwa hiyo msinisome kama mzee wa hekima. Nisomeni kama mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye korido moja, akaizoea hadi akajua ubao gani wa dari unavuja, na hata hivyo akapotea humo mara moja. Hiyo mara moja nitaieleza kwa kirefu. Mengine nitayapitia.

Siku yangu ya kwanza tawi letu la chuo, hapa Kasulu, lilikuwa na majengo mawili na nusu. Hiyo nusu ilikuwa maabara iliyokuwa ikisubiri paa. Nilifika asubuhi ya ukungu, na ile baridi inayowashangaza wageni wanaodhani mkoa wote wa Kigoma ni joto la ziwani. Nilikuwa nimevaa suti ya kaka yangu na viatu vyeusi vilivyong'aa. Usiku ilikuwa imenyesha. Kutoka barabarani hadi mlangoni viatu vile vilibeba udongo mwekundu wa kutosha kufyatulia tofali. Katibu muhtasi wa kitivo, Bi. Skola, hakuuliza barua yangu ya ajira. Aliniangalia miguu, akafungua droo, akanipa kijiti cha mbao.

"Kwanza kwangua," alisema. "Barua haitoroki."

Baadaye nilijua kwamba kila mwajiriwa mpya alipewa kijiti hicho, na kwamba Bi. Skola alimpima mtu kwa kuangalia kama angekirudisha. Mimi nilikirudisha, tena na udongo wake. Kwa miaka iliyofuata aliniita "Baba Neema" mbele za watu na "Bwana Udongo" tulipokuwa wenyewe, na sikuwahi kupata nguvu za kumkatalia.

Kitivo kiliongozwa na Dk. Anastazia Kagoma, mwenyeji wa Kibondo, mwalimu wa fizikia, mwanamke mrefu aliyetembea taratibu na kuandika haraka. Karibu kila ninachokijua kuhusu uongozi nilijifunza kwake, pamoja na kimoja ambacho heri nisingejifunza.

Nilipopewa idara (nilipewa baada ya wawili waliostahili kukataa), aliniita ofisini akaweka mezani mhuri, funguo za kabati na kaunta buku jipya. Nilikaa sawasawa nikisubiri hotuba.

"Kazi yako ni kujua nani hakuingia darasani," alisema. "Kazi yangu ni kumweleza makamu mkuu wa chuo kwa nini. Usipojua wewe, itabidi mimi nitunge, na mimi sijui kutunga."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Mkuu wa idara anatazama chini: ratiba, vipindi, mitihani iliyotungwa vibaya, mwalimu aliyekwenda kuona shamba lake Nyabibuye na kusahau kurudi. Mkuu wa kitivo anatazama juu: bodi, makao makuu, barua zinazotaka majibu jana. Ugumu wa mkuu wa idara ni kwamba anabaki kuwa mmoja wa wenzake. Anampangia kipindi cha Ijumaa alasiri mtu ambaye Jumapili wanaimba naye besi kwenye kwaya moja. Nilipoteza besi wawili namna hiyo. Ugumu wa mkuu wa kitivo ni upweke. Watu wakisikia hatua zake kwenye korido wanabadilisha mazungumzo, na baada ya muda anasahau kwamba watu huwa wana mazungumzo mengine.

Kaunta buku lile lilikuwa kifaa changu kikuu. Dk. Kagoma alinifundisha niandike humo kila anayekuja kuaga: jina, sababu, anakokwenda. Bila maoni. "Maoni yako yataoza," alisema. "Jina halitaoza." Niliandika kwa utii kwa miaka yote. Kulisoma ndiko kulikonishinda, kama mtakavyoona.

Kifaa cha pili ni jalada. Ninyi mnatumiana ujumbe kwa simu na kudhani majalada yamekufa, lakini subirini mtu apeleke malalamiko. Jalada hupanda na kushuka. Mkuu wa idara anaandika dokezo ndani, linapelekwa masijala, masijala wanalipeleka kwa mkuu wa kitivo, naye anaandika neno chini ya dokezo na kulirudisha. Akiandika "Sawa," jambo limekwisha. Akiandika "Kwa hatua zako," jambo limekurudia likiwa zito zaidi. Akiandika "Shauri," hajui, na anataka kutojua kwake kuwe kwako. Halafu kuna "Tuzungumze."

Neno hilo lilivuruga mwaka wa mtu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Ofisi yangu na ya Dk. Kagoma zilikuwa kwenye korido moja, na kati ya mlango wangu na wake ni hatua kumi na nane. Nimezihesabu mara nyingi kuliko zinavyostahili. Mwaka wangu wa tatu wa ukuu wa idara, jalada moja lilirudi na "Tuzungumze," nami kama kijana mwepesi nikalichukua nikaenda. Mle ndani kulikuwa na wageni wawili kutoka makao makuu. Dk. Kagoma aliniangalia juu ya miwani.

"Nikikuhitaji nitakuita, mdogo wangu."

Alisema kwa upole, na wageni walitabasamu kwa upole. Nilirudi hatua zote kumi na nane nikiwa na tabasamu langu, na nilipofunga mlango nikajiapiza kwamba sitakwenda tena bila kuitwa. Sisi tuliolelewa kwenye milima hii tunafundishwa mapema kwamba anayekwenda kwa mkubwa ni aliyeitwa. Nilijiambia kwamba naheshimu mila. Ilikuwa hasira iliyovaa mila kama nilivyovaa suti ya kaka yangu.

Kwa upande wake, kama nilivyokuja kujua, Dk. Kagoma alikuwa na mila yake pia. Kwao, ukishamtumia mtu neno, humtumii mara ya pili. Kurudia ni kuomba, na mkubwa haombi. Kwa hesabu yake, "Tuzungumze" lilikuwa mwito. Kwa hesabu yangu, lilikuwa ahadi ya kuniita.

Mwaka uliofuata, katika juma la mitihani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Consolata Niyonkuru, alikuja ofisini kwangu asubuhi na mapema. Alikuwa msichana mkimya, hodari wa hesabu, wa Kitahana huko Kibondo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa watoto, wakasubiri uraia miaka mingi, wakaupata, na kuendelea kulima maharage kwenye shamba lilelile. Alinisalimia, akasema baba yake amefariki, basi linaondoka baada ya nusu saa, na mtihani wake wa mwisho ni kesho yake. Nilimpa pole. Nikamwambia, "Nenda mwanangu, kazike. Tutapanga." Aliponipa mgongo niliandika kwenye kaunta buku: Consolata N., msiba wa baba, Kitahana, ameaga.

Alirudi baada ya siku tano na barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri, ikiwa imekunjwa mara nne. Nikaandika dokezo nikiomba apewe mtihani maalumu. Lilikuwa dokezo zuri. Nilikuwa na fahari nalo. Hatima ya Consolata ilikuwa rahisi kueleza: bodi ya kitivo ikiidhinisha, angefanya mtihani mwezi uleule na kumaliza shahada na wenzake. Isipoidhinisha, angesubiri mwaka mzima hadi mtihani ule urudi. Mama yake alikuwa amebaki na wadogo zake wanne, na Consolata ndiye aliyetegemewa kuanza kazi. Bodi ilikuwa inakaa baada ya majuma mawili.

Jalada lilirudi siku ya tatu. Chini ya dokezo langu zuri, kwa ule mwandiko wa haraka: "Tuzungumze."

Nililiweka mezani nikasubiri kuitwa.

Sasa, msidhani hatukuonana. Tulionana kila siku saa nne, kwenye chai ya walimu. Nilikaa naye benchi moja. Tulizungumza juu ya mvua kukawia, juu ya maharage ya Kibondo na ya Kasulu yapi yanaiva haraka, juu ya makamu mkuu wa chuo na tai zake. Siku moja alinimegea muhogo wake wa kuchemsha. Kila mmoja wetu alikuwa anamsubiri mwenzake alete habari ya jalada, na kila mmoja aliona ukimya wa mwenzake ni dharau ndogo inayostahili kulipwa kwa ukimya mwingine. Kwa watu waliosoma tulikuwa na ustadi mkubwa.

Bi. Skola aliliona. Alikuja siku moja kuchukua karatasi, akaangalia meza yangu, akasema, "Baba Neema, hilo la yule binti bado?"

Nilimjibu kwamba nasubiri kuitwa.

"Na yule naye anasema anasubiri uje," alisema. "Mnaposa?"

Nilicheka. Ningeinuka dakika ile, leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Lakini niliona kwamba nikienda sasa itaonekana nimesukumwa na katibu muhtasi, na hilo nalo nikaliona kubwa.

Consolata alikuja mara tatu. Alisimama mlangoni hadi nimkaribishe, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akauliza kama kuna jibu. Mara zote tatu nilimwambia, "Jalada liko juu." Kwenye ofisi zetu maneno hayo yana maana moja: liko kwa wakubwa, tuombe Mungu. Alijibu, "Ego, mwalimu," ndiyo ya kwao, akashukuru, akaenda. Jalada lilikuwa mezani. Nilikuwa na tabia ya kuweka kikombe changu cha chai ya tangawizi juu ya jalada lolote lililokuwa karibu, ili nisiharibu vanishi ya meza. Vanishi ile niliitunza vizuri sana.

Bodi ilikaa Alhamisi. Jina la Consolata halikuwamo kwenye orodha, kwa kuwa hakuna aliyelipeleka. Nilikuwa ndani ya kikao, nikasikia orodha ikisomwa hadi mwisho, na nikajiambia labda atalitaja yeye. Yeye, aliniambia baadaye, alikuwa akinitazama mimi.

Ijumaa asubuhi Dk. Kagoma alikuja mlangoni kwangu. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Alisimama akiwa ameshika fremu ya mlango.

"Yule binti wa Kitahana," alisema. "Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu. Aliaga kabla ya kuondoka?"

"Aliniaga mimi," nilisema. "Nimeandika."

Nikafungua kaunta buku nikamwonyesha mstari. Aliusoma, akavua miwani.

"Basi," alisema. "Ni hilo tu nililotaka."

Swali la maneno manne na jibu la maneno mawili. Hata kwa mwendo wake wa taratibu lisingechukua dakika.

Siku ileile alipanda gari la chuo kwenda makao makuu, safari ya siku nzima, akaingia kwa makamu mkuu wa chuo bila kuitwa. Alirudi Jumanne. Aliambiwa bodi imeshakaa, na bodi haikai mara mbili kwa ajili ya mtu mmoja. Alinieleza tukiwa tumesimama kwenye korido, katikati, takribani hatua ya tisa.

"Kosa ni letu," alisema. "Nusu yangu, nusu yako. Lakini mwaka ni wake wote."

Yeye ndiye aliyemwita Consolata na kumweleza. Mimi nilikuwa na kipindi. Kipindi hicho kilikuwepo kweli kwenye ratiba, ratiba ambayo niliipanga mimi.

Consolata akarudi Kitahana. Nilisikia kwamba alilima na mama yake na kujitolea kufundisha hesabu kwenye shule ya kata. Mwaka uliofuata alirudi, akafanya mtihani, akapata alama ambazo sikuhitaji kuziangalia mara mbili. Siku ya mahafali alinishika mkono na kunishukuru. Niliangalia viatu vyangu.

Dk. Kagoma alistaafu miaka michache baadaye na kurudi Kibondo kufuga nyuki. Jinsi nilivyofika kwenye kiti chake si hadithi ya kumfaa mtu yeyote. Nitasema tu kwamba juma langu la pili kama mkuu wa kitivo, jalada gumu lilinifikia asubuhi, kalamu ikajiendea yenyewe, na nikajikuta nimeandika "Tuz." Nikaikata. Nikachukua jalada, nikatoka, nikaenda kwa mkuu wa idara mwenyewe. Kuanzia hapo nilifanya hivyo daima. Wakuu wa idara walidhani daktari ameniagiza mazoezi ya moyo, na mmoja wao alinishauri nipunguze mawese.

Naandika hili kwa sababu ni jambo pekee nililolifanya vizuri kwa mfululizo. Mkuu wa kitivo ana miguu, na mkuu wa idara pia. Mambo mengi yanayofika kwenye bodi yakiwa maiti yalikuwa hai asubuhi ile yalipokuwa mbali kwa hatua kumi na nane.

Consolata tulimpata tena baada ya shahada yake ya pili, akiwa mhadhiri msaidizi. Mwaka jana, mkuu wa idara alipokwenda masomoni, alikaimu yeye. Alipewa ofisi yangu ya zamani na meza yangu ya zamani. Tulifanya kazi vizuri. Alikuwa anakuja kwangu bila kuitwa na mimi nakwenda kwake bila kuitwa, tukizungumza ratiba na walimu na mazoezi ya kufundisha. Jambo lile hatukuligusa. Mimi nilijiambia amesahau. Ndivyo aliyekosa anavyopenda kuamini.

Juma langu la mwisho nilikuwa napanga kabati. Majalada ya wanafunzi wa zamani yalipaswa kwenda masijala, na katikati yake nikalikuta. Juu ya jalada kulikuwa na duara la kahawia, alama ya kitako cha kikombe. Ndani, dokezo langu zuri, na chini yake neno lile moja. Chini ya neno hakukuwa na kitu.

Kanuni zinakataza kumwonyesha mtu jalada lake mwenyewe. Hilo lipo kwenye sehemu ya mwongozo niliyoisoma. Nilitoka nalo. Nilipofika kwa Consolata alikuwa anasahihisha mitihani. Alitaka kuinuka, nikamwomba akae, nami nikakaa kwenye kiti cha wanafunzi, kwenye ukingo. Nikaliweka jalada mezani.

"Mwaka ule," nilisema, "nilikwambia jalada liko juu."

"Ego, mwalimu. Mara tatu."

"Halikuwa juu."

"Lilikuwa hapa," alisema, na akagusa meza upande wa kulia. "Chini ya kikombe chako. Jina langu lilikuwa limeelekea upande niliokaa mimi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

Aliweka kalamu chini. "Baba alisubiri karatasi yake ya uraia tangu sijazaliwa. Alitufundisha, ukiona karatasi yako mezani kwa mkubwa, usiinyooshee kidole. Ataona umemwaibisha, ataiweka mbali zaidi. Ngoja aione mwenyewe." Akalivuta jalada karibu yake. "Nilikuwa nasubiri uinue kikombe."

Nilimwomba msamaha. Nilitumia maneno machache kuliko niliyokuwa nimeyapanga, na mengi niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa ya kunitetea. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema alinichukia mwaka mmoja kamili, msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna, halafu akawa na kazi za kufanya. Alisema mama yake hajamaliza bado, na kwamba nikipita Kitahana nisipite bila kuingia, ila nijiandae.

Kisha akachukua kalamu, akalifungua jalada. Akasoma dokezo langu lote, taratibu, kama anavyosoma kazi ya mwanafunzi, na nadhani niliona kalamu ikisita kwenye sentensi moja. Akafika kwenye neno la Dk. Kagoma. Chini yake akaandika: "Tumezungumza. Jalada lihifadhiwe." Akatia sahihi, akaweka tarehe, akagonga mhuri ambao zamani ulikuwa wangu.

Akalifunga na kunirudishia.

"Mwalimu," alisema, akichukua tena mitihani yake, "masijala wanafunga saa tisa na nusu."

Nikainuka, nikalipeleka mwenyewe.